Moshi wa Ndege, Moshi wa Udi

Mnarani, Kilifi
Jumamosi, 3 Mei 2025

Mahfudha, mdogo wangu,

Natumai umeamka salama na goti limetulia. Barua hii utaletewa na Kavumbi wa gari la mkate, anayetoka huko Malindi kila asubuhi na kufika kwetu saa nne. Amekubali kuwa tarishi wetu kwa sababu anadhani wazee wanaoandikiana barua lazima wana siri kubwa. Usimharibie furaha yake. Hafswa ameniandikia kwenye kile kibao chake kwamba ujumbe wa simu ungekufikia kabla sijafunika kalamu. Nimemwambia mwanangu kwamba herufi za simu ni chenga za mchele, nami nina jambo refu.

Jambo lenyewe ni hili. Wajua kwamba huu mwaka wa kumi na moja sisikii chochote cha nje. Daktari wa masikio alisema ni injini za ndege zilizonimaliza, nikamjibu kwamba sizilaumu, nilizipenda. Ila ndani ya masikio ulibaki mluzi mwembamba, usiokatika. Madaktari wanauita maradhi. Mimi fundi niliujua: ni mluzi wa ndege ya VC10 inapowashwa, kabla ngurumo haijaja. Nimeishi nao miaka na miaka, tumezoeana. Basi mwishoni mwa Ramadhani niliamka nikaukosa.

Sasa ni kimya, Mahfudha. Nimekaa barazani nikijaribu kukumbuka sauti, moja baada ya moja. Ya mama imepotea. Ya marehemu mke wangu imepotea. Yako pia, nisamehe, nakuona midomo inakwenda na hakuna kitokacho. Injini peke yake niliipata, kipande tu, na kesho yake kipande kikapungua. Naogopa. Nasema wazi kwa kuwa wewe ni ndugu yangu: sikuogopa hivi hata nilipolazwa Mombasa.

Ndiyo sababu naitaka ovaroli yangu. Imo ndani ya sanduku la bati, chumba cha uani huko kwako, katika mfuko mzito wa nailoni niliofunga mdomo kwa waya. Niliivaa siku yangu ya mwisho kazini, Januari 1977, shirika la ndege la nchi tatu lilipovunjika, na sikuifua kamwe. Ulikuwa ukinicheka kila Januari uliponikuta nimetia pua mfukoni. Hukujua kilichokuwa kikipita. Harufu ile ilinirudishia sauti nzima, tangu mluzi hadi ngurumo, hadi ndege ikapotelea upande wa Athi. Kisha nilifunga waya nikangoja mwaka mwingine.

Nitumie mfuko kama ulivyo. Usiufungue, hewa isiingie.

Kaka yako,
Abdulqadir

*

Shela, Malindi
Jumatano, 7 Mei 2025

Kaka Abdulqadir,

Shikamoo. Barua yako nimeipata ikiwa na joto la mikate, na doa la siagi juu ya jina langu. Nimemwambia Kavumbi ni mambo ya shamba la urithi. Amefurahi sana, siku hizi ananiita mama kwa heshima zote.

Goti halijambo. Wewe huniulizi goti isipokuwa ukitaka kitu.

Mimi kaka sikuwahi kuzipenda ndege zako. Wakumbuka uliponipeleka uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, nikiwa na miaka kumi na saba, ukanisimamisha kwenye roshani ya kuagia wageni, na lile dude likageuza mkia upande wetu? Nilijiziba masikio ndani ya buibui na bado kifua kilitetemeka kana kwamba mtu ananipiga kwa ndani. Nikakutazama wewe chini uwanjani, umesimama karibu na moshi, masikio wazi, unacheka. Nikasema moyoni, huyu wametuchukulia. Mama alikuwa akikuita chakula mara nne, tano, ndipo uitike. Alidhani una kiburi, Mungu amrehemu.

Sanduku lipo. Ufunguo ndio umekuwa taabu, kutu imeushika kwa hii hewa ya bahari, itabidi nimtafute fundi wa makufuli. Tena chumba cha uani nimempangisha Idah, yule binti anayefanya kazi kiwanja cha ndege, sipendi kumwingilia akiwa hayupo. Nipe wiki mbili.

Kula samaki, upunguze chai.

Mdogo wako,
Mahfudha

*

Shela, Malindi
Alhamisi, 8 Mei 2025

Hafswa mwanangu,

Hii barua usimpe babako. Ningekupigia simu, lakini jambo hili likipita mdomoni nitalia, na ukinisikia nalia utapanda gari kuja, na yeye ataona.

Babako anataka ovaroli. Ovaroli ipo, ila niliifua.

Wakumbuka ile Alhamisi, miaka mitatu sasa, uliponipigia kutoka hospitalini Mombasa ukasema daktari amewaambia mjiandae? Nilikata simu nikakaa chini pale pale ukumbini. Kisha nikaondoka nikafanya ninalojua kufanya. Wajua kwetu nguo za aliyeondoka hazitolewi sadaka na uchafu wake. Nikafungua sanduku, nikazitoa zote, nikafua, nikazianika. Mfuko ule wa nailoni nao nikaukata waya. Ovaroli ilikuwa imekauka kwa mafuta, inanuka vibaya. Nikailoweka mara tatu, hata maji yakawa meupe. Kisha nikatia udi katika chetezo, nikafunika tenga juu yake, nikatandaza nguo moja moja nikazifukiza, huku namsomea babako Kurani. Saa kumi ukapiga tena ukasema amefungua macho, ameomba uji.

Nilimfukizia nguo mtu mzima, Hafswa. Nilimtoa duniani kabla Mungu hajamwita. Nikakunja ovaroli nikairudisha mfukoni, nikafunga waya mwingine. Alipotoka hospitali ukaja kumchukua wewe moja kwa moja mpaka Mnarani, nikasema alhamdulillahi, hatalifungua sanduku lile tena. Sasa nifanyeje?

Shangazi yako,
Mahfudha

*

Mnarani
Jumamosi, 10 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeisoma jikoni na nimeichoma kwenye jiko, uwe na amani.

Sitakuficha hali yake. Juzi nilimtafutia ile sauti ya ndege kwenye simu, nikamwekea simu kifuani apate mtetemo. Alitabasamu kwa adabu, kama anavyotabasamu kwa wageni, akanirudishia. Tangu akuandikie, kila saa nne yuko barazani anangojea gari la mkate. Amefuta rafu moja kabatini, ameitandika gazeti. Ni ya ovaroli.

Shangazi, mwambie. Si mtu wa kinyongo. Mimi sitasema neno, lakini pia sitakusaidia kudanganya, maana anapoangalia uso wangu anausoma kuliko kibao.

Mwanao,
Hafswa

*

Mnarani, Kilifi
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mahfudha,

Mwambie fundi wa makufuli atie mafuta ya taa kidogo tunduni, ageuze polepole, asilazimishe. Mimi nilifungua nati zilizoshikwa na baridi ya futi elfu thelathini, kikufuli cha Malindi hakinishindi. Ningekuja mwenyewe, ila Hafswa haniruhusu barabarani.

Umenikumbusha roshani ile. Mwaka wa 1970, nawe ulikuwa na buibui jipya. Uliogopa, lakini hukuondoka, na mimi nilikuona. Ile haikuwa VC10, ilikuwa Kometi, karibu na mwisho wa maisha yake. Kometi ilikuwa na injini nne zilizofichwa ndani ya mbawa. Ilipofunguliwa yote, madirisha ya karakana yalilia, vikombe vya chai vilitembea mezani vyenyewe, na yule Dedan, mwenzangu wa Kiambu, alikuwa akishika chake bila kuinua macho kwenye gazeti. Halafu moshi. Watu wa siku hizi hawajui moshi. Ulitoka mweusi, mistari minne, ukanyooka juu ya nyasi za Embakasi, ndege ikishapotea wenyewe ukabaki, unageuka kijivu, unaungana, unashuka juu yetu kidogo kidogo. Tulisimama ndani yake. Jua la asubuhi likipita mle, kila kitu kilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona sina uzito.

Leo zinapita juu ya hori letu la bahari hapa Kilifi zikielekea Mombasa. Nyeupe, safi, hazina hata uzi wa moshi nyuma. Hafswa anasema hata yeye mwenye masikio hazisikii. Zinapita kama mawazo ya mtu mwingine. Najua ni bora hivi, wagonjwa wanalala, watoto wanavuta hewa njema. Lakini huoni kwamba kitu kizito kile kimepanda juu, na kwangu kitu kizito kikipanda kinastahili kusikiwa.

Mluzi haujarudi. Jana nilijaribu kuikumbuka ngurumo nikapata tu neno "ngurumo."

Waya uko kama nilivyouacha, sivyo? Fanya haraka, mdogo wangu.

Abdulqadir

*

Shela, Malindi
Jumamosi, 24 Mei 2025

Kaka,

Shikamoo. Kufuli limefunguka. Mfuko ni huu hapa, nimeuzungushia shuka kuukuu na karatasi za saruji ili mikate ya Kavumbi isinuke. Waya upo.

Usikae nao kwenye jua. Idi ya kuchinja ni wiki mbili zijazo, nitakutumia halwa.

Mahfudha

*

Mnarani, Kilifi
Jumanne, 27 Mei 2025

Mahfudha, mdogo wangu,

Kavumbi aliuleta mzigo jana, ameukumbatia mwenyewe hadi barazani, akanitazama nikiufungua huku mikate ya watu inapoa garini. Mungu akulipe.

Harufu ni ile ile. Nimeisikia injini yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sasa nimetulia, nawe utulie, usihangaike tena na makufuli.

Kaka yako,
Abdulqadir

*

Shela, Malindi
Jumanne, 27 Mei 2025

Kaka yangu Abdulqadir,

Siku tatu sijalala vizuri. Nakuandikia ukweli, ukitaka kunikasirikia nikasirikie, nitakuwa nimestahili.

Ovaroli ile niliifua. Ile Alhamisi uliyozidiwa hospitalini, waliponiambia tujiandae, nilifungua sanduku nikazisafisha nguo zako zote za sadaka, nikazifukiza udi. Ulikuwa hujafa. Nilikuzika mwenyewe kaka, peke yangu, hapa uani, na wewe ukingali unapumua Mombasa. Ile kanzu yako ya darizi haikuliwa na mende kama nilivyokwambia. Saa nane mwadhini alipita kunipa pole ya ugonjwa, nami nikampa kanzu hiyo. Unapomwona kwenye picha za Maulidi, ndiyo hiyo.

Ulipoiomba ovaroli nilishindwa kusema. Nikamwomba Idah anipatie kule kiwanjani kitambaa chenye mafuta ya ndege na moshi. Akaniletea kimoja alichopewa na fundi, nikakinusa, hakina kitu. Akaniambia vindege vyao havitoi moshi, hata ukisimama nyuma nguo haichafuki. Basi nikachukua lile tenga langu la kufukizia, chetezo nikakiweka kando, chini yake nikaweka jiko la mafuta ya taa na utambi nikaupandisha juu kabisa. Ovaroli nikaitandaza. Nimeifukiza kaka, masaa mawili, uani pote pakawa peusi. Bi Pola wa nyumba ya pili alikuja mbio na ndoo ya maji, akanimwagia mimi na jiko. Nimemwambia nilikuwa naua kunguni. Paka wetu alikuwa mweupe, umemwona kwa picha. Sasa ni wa kijivu.

Nilifanya hivi kwa sababu ulisema unaogopa. Hujapata kuniambia neno hilo tangu nizaliwe. Na mimi ndiye niliyekufulia sauti yako ya mwisho kwa sabuni ya mche, kwa mikono yangu, huku nakusomea. Sijui msamaha wa kitu kama hiki unaombwaje. Nisamehe.

Dadako,
Mahfudha

*

Mnarani, Kilifi
Jumamosi, 31 Mei 2025

Mahfudha,

Barua zetu zimepishana. Kavumbi aliniletea yako asubuhi ile ile aliyokukabidhi yangu, na alikuwa na uso wa mtu anayebeba hukumu. Kwa hiyo sasa umeshasoma kwamba nilisikia injini yote. Nilisema uongo. Tumefanana.

Nilijua kabla sijafungua. Fundi wa ndege akifunga waya anausokota kuelekea kulia, sawasawa, na ncha anaikunja ndani isimchome mwenzake atakayekuja baada yake. Wako ulikuwa umefungwa kama fungu la mchicha. Nikafungua, likanipiga jiko la mafuta ya taa, jiko letu la uani, nalijua. Nilikasirika. Nilikasirika tangu saa nne hadi adhuhuri, Hafswa akanikwepa. Nikaipekua ovaroli ile kila mahali, nikatia pua katika kola, katika mfuko wa bisibisi, katika mkono wa kulia uliowahi kushika moto. Sikuipata VC10. Imekwenda, Mahfudha, na haitarudi. Nililia kidogo, nakwambia ili usije ukaambiwa na Hafswa.

Baada ya swala niliichukua niikunje. Nilipoigeuza, kule ndani ambako moshi wa jiko haukufika, chini ya kwapa, udi ukapanda. Udi wako, ule unaoupika mwenyewe na kuutia mawaridi.

Nikasikia. Sikusikia injini. Nilisikia mlango wa uani wa nyumba yetu unavyokwaruza chini, na msichana anasema: "Kaka, vua hizo nguo, unanuka ndege. Lete nikufukizie." Ilikuwa ni wewe. Nilikuwa nimetoka Nairobi likizo, sijatua hata sanduku, nawe una chetezo mkononi. Sauti yote ilikuwepo, mpaka ule ukali wako wa mwisho wa neno ambao mama alikuwa akikukataza. Nikairudisha pua, ukasema tena. Nilikaa pale sakafuni mpaka Hafswa akadhani nimeanguka.

Miaka kumi na moja naangalia midomo yako tu. Miaka arobaini na minane nilitunza harufu ya injini ndani ya nailoni, nikaifungia waya, na wewe sikukutunzia kitu. Nilidhani cha kupotea ni kile kilichokuwa na kelele.

Ovaroli iliyofuliwa na kufukizwa udi ilinitosha kujua uliifua lini na kwa nini; Jumanne nilikuandikia ule uongo ili usijue kwamba nimejua. Sikutaka uisikie ile Alhamisi ikitajwa na mtu. Lakini umeitaja mwenyewe, basi nami nikujibu. Hukunizika. Mtu aliyekuwa akiniandalia nguo safi zenye udi alikuwa dada yangu, kama alivyofanya kila nilipotoka safari. Na mimi nilirudi, nikaomba uji. Kanzu mwachie mwadhini, inampendeza kuliko mimi.

Ovaroli haitakaa rafuni wala sanduku. Nimeitundika msumarini karibu na kitanda. Udi tayari unapungua, nilijua utapungua, hewa ni hewa.

Kwa hiyo halwa usimpe Kavumbi, na barua usiandike tena. Idi ni Ijumaa. Njoo nayo mwenyewe, na chetezo, na tenga, Hafswa atakutumia gari hadi mlangoni. Ukifika uifukize, kisha ukae mbele yangu useme lolote, hata kunikoromea juu ya goti lako. Midomo yako nitaitazama. Sauti ninayo.

Kaka yako,
Abdulqadir